Punje Saba

Chunjua zangu zilikuwa saba,
nne vidoleni, tatu gotini,
na mganga wa zahanati ya Handali
alikuwa safarini tangu mavuno.

Bibi Sechelela alizihesabu mara mbili.
Akatwaa punje saba za uwele,
kila punje akaisugua kwenye chunjua yake,
akazifunga katika kitambaa chekundu
kilichokatwa pindoni mwa mgolole wa babu.
"Kaache njia panda ya Mvumi.
Usigeuke nyuma. Atakayeokota, ndiye."

Ndiye nani, sikuuliza.
Kwa bibi huyo kwikwi ilikomeshwa na uzi
uliolowa mate, ukabandikwa utosini;
mwenye matubwitubwi alibebeshwa mchi
akaseme "Shikamoo kinu" mara tatu, bila kucheka.
Nani angebisha?

Niligeuka.
Si sana: kama kuku anavyomtazama mwewe.
Nikamwona Chilongani, mtoto wa muuza chumvi,
amechutama, anafungua fundo kwa meno.
Punje akazitia mdomoni.
Kitambaa akamvisha mbuzi wake shingoni.

Mvua ya kwanza, vidole vyangu laini.

Leo nagawa vidonge katika zahanati ileile.
Najua chunjua huja, huondoka zenyewe;
niliandika hivyo kwenye mtihani, nikapata.
Lakini Chilongani akija na kikohozi chake,
kabla sijampima kifua
naigeuza mikono yake,
kiganja juu, kiganja chini.

"Unatafuta nini, dada?"

"Mapigo ya moyo," nasema.