Mti wa Bi Sihaba

Mimi si mtu wa kuchukia miti.
Lakini ukinishika nitakutajia,
na nitaanza na mkindu wa nyuma ya choo.
Mwiba wake hauchomi ukapita,
huingia ukakaa, kama mgeni aliyekuja na godoro lake.
Jumatatu umo kidoleni,
Alhamisi kidole kimekuwa ndizi.
Niliukata mwaka ule wa mvua nyingi,
nikaumwagia chumvi kibaba kizima,
ukarudi na ndugu zake sita.
Mke wangu Mize husema: na mkeka unaoulalia?
Namjibu mkeka hauna miiba.
Husema: kwa sababu mimi nimeshaitoa.

Mchikichi sikuupanda. Haupandwi.
Kunguru hula kwa watu, hunya kwangu.
Kwapani mwake huzaa panya,
na amfuataye panya simtaji usiku.

Mnazi, ee, mnazi nausamehe,
ingawa umeegemea bati la jiko
na saa nane za usiku huangusha moja tu,
moja, ndo!
nikatoka na panga na shuka kiunoni
kukabiliana na nazi.
Nausamehe kwa ajili ya tui.

Lakini ule wa katikati ya ua,
ule ulioletwa kutoka Maskati ndani ya kopo la samli,
ukapandwa hapa Limbani mbele ya kibaraza
ili watu wa Wete wapite waseme.
Majani kama mikia ya changu elfu
waliopiga mbizi wasiibuke.
Mti usio na jina kwetu, wala bei.
Bikombo wa mboga aliusimamia, kapu kichwani:
"Unazaa nini?"
Nikamwambia unazaa upele.

Maana nilizoa matunda yake kwa mikono mitupu,
mekundu, mazuri, kama ushanga wa mwali,
na Ijumaa hiyo nilijikuna safu ya pili
mpaka imamu akarefusha dua.
Nikasema: mti wewe,
kivuli chako chembamba, kuti lako halijengi,
tunda lako haliliwi, mwiko hutoi, ufagio hutoi,
unanywa ndoo tatu kiangazi,
na mimi ndiye ninayezibeba.

Miaka kumi na minne nimeubebea.

Karara la kwanza lilipasuka kileleni.
Shada likashuka kama nywele za bibi harusi zilizofumuliwa.
La pili likaja chini yake.
La tatu chini zaidi.
Nikadhani ni adabu ya mti huu,
kushuka pole pole kuja kumsalimu mtu.
Kisha nikatazama juu, kama anavyotazama mtunza bustani,
na nikahesabu:
tangu karara la kwanza
halijatoka jani jipya hata moja.
Yaliyokauka nimeyakata mimi.
Yaliyobaki ni manne.

Mwaka huu shada limetoka usawa wa kifua changu,
na chini ya hapo hakuna pa kutokea.
Nilipiga picha, nikampelekea, ndiyo kazi yangu.
Sauti ikarudi na vicheko vya wajukuu nyuma yake:
"Mashallah, Shaame! Umenifikia kimo!
Sasa nakuja. Mwakani, inshallah, kwa raha zangu,
nisimame nao tupigwe picha, mimi na mti wangu.
Miguu tu hii ipoe.
Wewe unaupenda, najua. Umeulea."

Niliisikiliza mara mbili, nimekaa juu ya ndoo.
Nikaandika habari yote, mwanzo hadi mwisho.
Nikaifuta.
Nikaandika: Karibu.
Nikaifuta hiyo nayo.
Nikaandika: Njoo kabla ya vuli.

Halafu nikashika shina, sijui kwa nini,
nikaingia ndani kuosha mikono.
Ilikuwa inawasha.