Nimempokelea Mtu

Dakika kumi na tano, barua ilisema,
na maswali mawili, muda ukiruhusu.
Watafiti chipukizi waje na jambo jipya
kuhusu miaka ya vita.
Nilicheka peke yangu kwenye foleni ya maji:
jambo langu jipya lina miaka themanini,
limetafunwa na mchwa pembe mbili
na linanuka tumbaku.

Ni daftari la malipo, mwaka wa arobaini na nne.
Wake wa askari walikuja Arua kila mwisho wa mwezi,
kutoka Maracha, kutoka Terego, kwa miguu,
kupokea shilingi za waume walioko Burma.
Kalamu haikuwa yao. Walichovya kidole gumba.
Karani akaandika pembeni, kwa Kiswahili cha kambi:
amepewa, amepewa, hakuja, amepewa.

Kiswahili hicho, kwetu, kiliwahi kubisha mlango usiku.
Mama akikisikia redioni hupunguza sauti.
Mimi nilijifunza ukubwani, kwa kamusi,
ili nimsome karani mmoja
mvivu wa herufi kubwa.

Miezi minne nilitazama vidole
kwa lenzi ya Ezati, fundi saa,
ambaye mpaka leo anadhani nilinunua dhahabu.
Nikaona kovu.
Jembamba, la mshazari, kama njia ya mkato katikati ya mtama,
kwenye gumba la Ayikoru, mke wa Andama.
Kovu lilelile kwenye jina la Candiru.
Lilelile kwa Munduru,
miezi saba mfululizo.

Siku ilipofika: ukumbi wa chuo cha ualimu, viti vya plastiki,
kovu limetandazwa ukutani, kubwa kuliko mlango.
Dakika ya tatu umeme ukakatika.
Nje jenereta ilikohoa, ikakataa.
Nikanyanyua gumba langu,
nikajichora kovu kwa kalamu ya bluu,
nikapita safu kwa safu
nikiwaonyesha kama mtoto aliyejikata.

Profesa wa mbele, aliyekuja na basi la usiku, akasema:
"Huo ni wizi, binti. Umemgundua mwizi."
Watu wakacheka, si kwa ubaya.

Huenda, nikasema.
Huenda wenzake walikuwa wajawazito,
au shemeji zao waliwakataza kukanyaga boma.
Huenda alizibeba shilingi zao katika pindo la nguo
akazigawa mpaka senti ya mwisho.
Huenda alizila. Daftari halisemi.

"Sasa wewe unajua nini?"

Najua alikuwa na kovu.
Najua karani aliliona,
mara saba, mara tatu kila mara,
na akaandika: amepewa.

Kengele. Nilidhulumiwa nusu dakika.

Wakati wa chai, kijana wa Kitgum, Lakwo,
tai imemkaba kama deni,
alinivuta kando ya birika.
Simu yake ina ufa, na nyuma ya ufa kuna orodha,
vita vileile, ofisi nyingine, karani mwingine.
"Hata kwangu," akanong'ona. "Gumba moja, majina mawili.
Nilidhani ni macho yangu.
Hakuna aliyewahi kuniuliza."

Chai ikaota utando.
Tulisogeza picha kwa kidole, tukazirudisha, tukabishana
kama wino ulikuwa mwingi au mkono ulitetemeka.
Umeme uliporudi
mhudumu alikuwa anakusanya vikombe,
na ndani walikwisha kumwita msemaji mwingine.

Wino ule ulikataa sabuni siku tatu.
Sokoni, mama wa maandazi akaushika mkono wangu
kabla ya kunirudishia chenji.
"Umepiga kura? Kura gani mwezi huu?"
Hapana, nikamwambia.
Nimempokelea mtu.