Wote Tulikuwa na Kucha

Wanasema upele humwota asiye na kucha.
Uongo. Pale Handali tulikuwa sita,
kucha sitini, za mikono tu,
na hazikutosha.

Foibe alirudi likizo na sanduku la bati.
Bweni walikuwa wanalala wawili godoro moja.
Mchana, salama.
Koroboi ikizimwa, krr, krr, krr,
kama panya ndani ya kihenge cha uwele.
Nikamwambia: mwanangu, oga vizuri.
Neno hilo nalijutia hadi leo.
Kuoga alikuwa anaoga,
hata kwa maji yetu ya chumvi, ya kupangia foleni tangu alfajiri.

Wiki ya tatu, Yoeli. Kisha kitoto changu,
viganja na nyayo vipele vitupu, kama ufuta uliomwagika.
Mama mkwe alijipapasa kiunoni, pale khanga inapobana,
akanyamaza.
Jirani yangu Mersiana akanitajia jina la mtu,
eti ndiye aliyetutupia.
Nikamsikia. Nikambeba mtoto, nikaenda zahanati.

Muuguzi Sekunda hakuniuliza sabuni.
Aliuliza, "Usiku huzidi?"
Akanishika mkono, akatenganisha vidole
kama achambuaye mlenda,
akanionyesha kijistari cha kijivu
kifupi kuliko punje ya mtama, kimepinda.
"Jike huyo. Amechimba, anataga humo.
Hajali nani kaoga na nani hakuoga.
Anatafuta joto, kama wewe."

Shingoni hadi unyayoni, alisema.
Kitovu, makwapa, makalio, chini ya kucha.
Siku tatu mfululizo, na ukinawa mikono, upake tena.
Ya kitoto akanipa nyingine, marhamu ya kiberiti,
na kichwani usimruke.
Wote usiku mmoja. Hata asiyejikuna.
Hilo la mwisho alilirudia,
nami nikaitikia kwa kichwa tu, kama mtu ibadani.

Tukapakana. Dawa nyeupe, yachoma penye kidonda;
Yoeli aliruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa.
Mashuka nikayachemsha katika sufuria ya misiba
niliyoiazima kanisani,
nikayaanika juu ya tembe.
Jua la Ugogo, tunalolilaani kila mwaka,
siku hiyo lilikuwa ndugu.
Blanketi la bibi, lisilochemsheka,
likafungwa ndani ya sandarusi wiki nzima,
na bibi akawa analiulizia kama mtu aliye mahabusu.

Nikashukuru mapema.

Ndahani hakuwepo. Ni mlinzi mjini,
hurudi mwisho wa mwezi na blanketi la lindo,
blanketi moja, walinzi wanne, zamu kwa zamu.
"Mimi siwashwi," akasema, akalala katikati yetu.
Wiki hazikupita nyingi.
Krr.

Safari hii sikumwomba.
Nikafunga mlango, nikatandika mkeka, nikamwambia vua.
Alisimama kama kijana wa jando,
mwanaume aliyewahi kukimbiza wezi wa ng'ombe
akiona haya mbele ya chupa.
Nikampaka mgongo.
Miaka mingapi sijautazama?
Kuna kovu chini ya bega; nikauliza la nini.
Akaniambia. Halikuwa jambo la kusimulia hapa.

Blanketi la lindo nilichemsha mwenyewe, mara mbili,
nikamtuma awaambie wale watatu.

Muwasho hauondoki siku wadudu wanapokufa.
Sekunda alikwisha nionya:
hukaa wiki mbili, tatu, hata nne,
kama mgeni aliyeaga
kisha akaanza hadithi mpya mlangoni.
Nikahesabu siku kwa mkaa ukutani.
Usiku mmoja nikashtuka usingizini, sikujua kwa nini.
Nikasikiliza.
Pumzi sita. Basi.

Jana Mersiana alikuja kuazima ungo.
Anaongea huku mkono mmoja ukimtembelea mwingine,
kwenye kifundo, kati ya vidole, bila yeye kujua.
Jina la mtu hakulitaja tena.
Nikauweka ungo chini.
"Ingia ndani," nikamwambia. "Nyoosha vidole."