Kadi ya Bombo

Mama alipotuzaa, mkunga alihesabu mara mbili:
watoto wawili, wa kike, makondo mawili.
Akaandika kwa wino wa buluu kwenye kadi,
akasema, "Hawa si pacha wa kufanana, Mwanahawa.
Walipanga nyumba moja, kila mtu na chumba chake."

Nani ambishie mkunga?
Ila kwa kuwa tulikuwa shilingi kwa ya pili,
Mama akamfunga wa kwanza uzi mwekundu mkononi
asije akamnyonyesha mmoja mara mbili
na mwingine akalala na njaa.
Akatuita Tunu na Hidaya.
Majina mawili, maana moja,
kama aliyejua jambo akaogopa kulisema.

Uzi ulikatika siku ya arobaini, kwenye beseni la kuogea.
Hadi leo haijulikani
nani alitangulia.

Tulivyokua tukaachana sura.
Mimi nikanenepa kwa mihogo ya kukaanga ninayouza
Barabara ya Kumi na Mbili;
yeye akakonda kwa vumbi la kiwanda cha kamba.
Watu wa Ngamiani wakatugawa kama mirathi:
Tunu wa baba, lione paji la uso;
Hidaya wa mama, tazama mguu.
Nami nikapata ruhusa ya kumcheka
pua yake iliyokaa kama kifundo cha muhogo,
meno yake ya juu yanayogombea nafasi.
Akiniuliza, "Na wewe je?"
namjibu, "Mimi nimetoka chumba kingine."

Halafu Hidaya akaanza kugonga bega kwenye miimo ya milango.
"Presha ya macho," akasema daktari kijana.
"Inakula dunia kuanzia pembeni."
Kisha akanigeukia mimi, niliyekuja kubeba mkoba tu:
"Nyinyi ni pacha wa yai moja?"

Nikamtolea kadi. Mchwa walikwisha kula jina la baba,
lakini makondo mawili yalikuwepo, ya buluu, hayana shaka.
Akaisoma kwa adabu, akanirudishia.
"Hii si ushahidi. Yai likiwahi kugawanyika,
kila kipande hujijengea kondo lake."
Nikamwambia kuhusu vidole: kwenye kitambulisho cha taifa
alama zetu hazilingani.
"Hata za wa yai moja hazilingani."
Kundi la damu?
"Mngetofautiana, ningewaambia hapa hapa si wamoja.
Lenu ni lile lile, na analo pia mlinzi wa getini."

Yakabaki mate.
Mate, pamba, bahasha, na nauli ya bahasha kwenda Dar.
Nikavunja kibubu.
Wiki sita nilikaanga mihogo nikifumba jicho moja,
kisha la pili, nikipima pembe za meza.
Nikaomba, Mungu anisamehe, tusiwe wamoja.
Niliomba hivyo nikiwa nimemshika mkono
tukivuka barabara.

Majibu yalikuwa na kurasa tatu.
Daktari akaweka kidole kwenye mstari mmoja:
yai moja.

Hidaya alicheka mpaka mgonjwa wa benchi la nyuma akaamka.
"Miaka arobaini na mitatu," akasema,
"unaitukana pua yako."

Nami nikapimwa. Presha imeanza kupanda, kidogo.
"Heri umewahi," daktari akasema.
Dawa ni ya matone, hukaa kwenye ubaridi.
Nikasema tutatumia chupa moja, tuokoe pesa,
si macho yale yale?
Nesi akanitolea macho yake:
"Mama, kila mtu na chupa yake!"

Basi zimesimama kwenye friji, mlangoni, jirani na ndimu,
chupa mbili, huwezi kuzitenga.
Yangu nimeifunga uzi mwekundu.
Hidaya huzipapasa jioni kabla ya kuchukua yake.
Jana alishika ile yenye uzi, akaizungusha kidoleni, akanyamaza.
"Kumbe wewe ndiye mkubwa," akasema.
"Haya, kalipe umeme."