Mkia wa Neno

Nilipokabidhiwa ufunguo wa ofisi ya juu,
ile yenye dirisha linalotazama kinu kizima,
tangazo langu la kwanza niliandika kwa herufi kubwa:
KUANZIA LEO. Na chini yake, KWA AMRI.
Nikalibandika kando ya mlango wa choo
ambapo hakuna asiyepita.

Unga haungoji. Malori ya Njoro hufika usiku,
ngano ya Mau Narok ina unyevu, mizani ina ukaidi,
na mashine zikishaanza kunguruma
watu husema kwa mikono: vidole viwili, kinu cha pili;
kiganja shingoni, zima.
Mimi nilisema kwa spika.
Nilidhani sauti iliyotoka ni sauti iliyofika.

Jumanne Jeptum alipanda ngazi,
nyusi nyeupe pe kwa unga,
akasimama mlangoni, kofia mkononi.
"Madam, kinu cha pili kinanuka."
"Kinanuka nini?"
"Kinanuka tu. Kama chapati iliyosahauliwa jikoni."
Nikacheka kidogo. Nikamwambia kuna fomu,
na fomu ina safu ya hitilafu, haina safu ya harufu.
Akasema, sawa.

Enyi mliopewa ofisi, liogopeni neno "sawa"
likitoka kwa mtu anayetazama viatu vyake.

Alhamisi, saa tisa usiku, beringi ikashika,
mkanda ukakatika, ukauchapa ukuta wa pili,
na Onditi alikuwa ameinama kuokota ufagio.
Ameinama, Mungu wangu.
Mkanda ulipita pale kichwa chake kilipokuwa
pumzi moja tu kabla.

Nilifika na nguo ya kulalia chini ya koti,
baridi ya Menengai ikinifuata hadi ndani.
Kinu kilichozimika hakina kimya, kina kesi.
Nikaanza nilivyozoea: Nani? Na kwa nini hamkusema?
Hakuna aliyejibu.
Jeptum alitoa fomu yangu mfukoni,
imekunjwa mara nne, haina hata nukta,
akanipa kama mtu anayerudisha chenji.

Mwalimu Wabuge, darasa la saba, kule Kimilili,
alikuwa akigonga ubao kwa kifundo cha kidole:
sikia, sikiliza, sikilizana.
Neno lina mkia, alisema. Tazameni mkia
mjue mnyama anaelekea wapi.
Nilipata alama zote. Kisha nikapata kazi,
na miaka kumi na tisa nikatembea na neno butu,
ambia, ambia, ambia,
bila kuuliza ule mkia wake nilimwachia nani.

Ijumaa nilishuka na kikombe changu saa ya chai.
Wakanyamaza. Mtu akasifu mvua
ambayo haikuwa imenyesha.
Jumatatu nikashuka tena; wakalalamikia sukari.
Jumatano Wangechi wa maghala akasema, bila kunitazama,
kwamba ngazi ya nyuma haina taa tangu Pasaka.
Ulimi wangu ulishaanza: mbona hamku—
nikaung'ata. Nikauliza, "Ngazi ipi? Nionyeshe."

Sisemi nimepona. Jana tu nimefoka kwa dereva
kwa sababu ya stakabadhi ambayo nilikuwa nimeikalia mwenyewe.
Nilimtafuta getini; alishaondoka Molo.
Kesho atarudi. Nimeandika jina lake kiganjani.

Tangazo nilikwisha kulibandua, lakini gundi ni gundi:
pembe moja imebaki ukutani, KWA A,
na mchokozi mmoja ameimalizia kwa penseli:
KWA AMANI. Sijui ni nani. Sijauliza, na hilo sitauliza.

Leo Onditi amenifundisha ishara ya "rudia, sijakupata":
vidole viwili sikioni, kisha kifuani.
Nimeikosea, nimeanza na kifua.
Wamecheka, kinu kizima, meno katikati ya unga,
na Jeptum, kutoka upande wa pili wa ngurumo,
amenirudishia ishara ile polepole,
sikio kwanza.