Kabla Hujaiwasha

Gusa injini kwanza, Shigela. Baridi,
kama jiwe la mlimani kabla jua halijalikuta.
Sikuipasha moto alfajiri ili ikudanganye.
Muuzaji anayekupokea na injini ya moto
ana neno amelimeza.

Daftari la oili hili hapa. Mwandiko ni wangu,
isipokuwa mstari mmoja wa fundi Bulugu wa Mabatini:
"mnyororo mpya", akasahau tarehe.
Masanduku ya pembeni niliyaagiza,
yakakaa bandarini miezi mitatu, nami nikikaa nayo kwa simu.
Kioo cha upepo nimekirefusha
kwa ajili ya wadudu wa ziwani, wingu lile la barabara ya Magu
linalokujaza kinywa ukithubutu kupiga mluzi.
Vishikio hivi vinapata moto ukibonyeza hapa.
Usicheke. Ndiyo, Mwanza hii hii.
Niliviwasha mara moja tu, Makambako, gizani,
na kwa mara ya kwanza tangu Iringa
vidole vikakubali kuwa vyangu.

Kovu la tangi ni langu pia. Nyegezi. Ilikuwa imesimama;
nilishuka vibaya. Goti hili.
Goti ndilo linalouza.

Unauliza mwisho wake ni ngapi.
Wote huuliza hivyo. Uliza breki.
Uliza inalala wapi: sebuleni,
Milembe akiipangusa vumbi kama kabati
na kuinunia kama mke mwenza.

Bei ni ile ile.
Haya, toa laki. Toa laki mbili,
kwa kuwa umepiga magoti ukachungulia chini.
Wenzako walitazama kioo, wakajipiga picha.

Kaijaribu. Hela niachie.

Zinanuka dagaa wa Mwaloni. Nazihesabu taratibu,
na hapo ndipo ninapoisikia
ikiteremka Kitangiri kati ya mawe,
gia ya pili, ya tatu,
mapema mno, kijana, mapema,
kisha uzi mwembamba wa sauti, kona, kimya.

Miaka kumi na moja nilikuwa juu yake.
Sikujua kama ikiondoka inalia hivi.

Milembe amechungulia dirishani, kitambaa mkononi.
"Ndiyo imekwenda?"
Elfu kumi. Elfu kumi. Elfu kumi.
Nimepoteza hesabu. Naanza upya.