Kisogoni

"Gusa pua yako," alisema Daktari Nsajigwa,
"sasa gusa kidole changu."
Mama akanyoosha mkono.
Mkono ukapita, ukagonga kalenda ya ukutani,
mwezi wa nne, mvua ikipiga bati la wodi
kama ipigavyo Tukuyu, bila kuvuta pumzi.
"Tena."
Ukapita tena.

Mkono huu. Miaka thelathini na mmoja kwenye chai ya Katumba,
majani mawili na chipukizi,
majani mawili na chipukizi,
kikapu mgongoni, masikio kwenye umbea wa mstari wa jirani,
macho hayakuwa na kazi.
Karani alipima kilo.
Alichokijua mkono hakikupanda mizani.

Tukaonyeshwa picha.
Si ule mkubwa, daktari alisema, wa mawazo na maneno;
ni huu mdogo, huku kisogoni,
umejikunja kama kabichi la Uporoto.
Hausemi kitu, ila ndio unaouambia mkono:
hapo, basi, imetosha.
Mshipa umeziba hapa. Akaweka ncha ya kalamu.
Na ukiukata, akaongeza, ndani utaona mti,
shina lake na matawi yake.

Mama, ambaye hata ulimi ulikuwa unayumba,
akauliza: "M-ti ga-ni?"
Hakuna aliyemjibu.

Kumpa mtu kisogo, husemwa, ni kumdharau.
Mimi dunia niliianzia kwenye kisogo chake,
nimefungwa kanga, yeye akipalilia migomba,
shavu langu limelala papo hapo
nje kidogo ya mti ule.

Siku hizi asubuhi anahamisha maharage,
punje moja moja, bakuli la kijani kwenda la bluu.
Nusu huishia sakafuni; kuku wameshajua saa.
Jana zilifika kumi na nne. Leo tisa.
Nikinyoosha mkono kumsaidia
ananitukana kwa Kinyakyusa, na tusi
angalau
linafika lilikotumwa.

Lakini usiku, ukungu wa Rungwe ukishashuka hadi dirishani,
namtazama Subilaga, mama yangu, usingizini.
Vidole vinachuma blanketi.
Mawili na chipukizi.
Havitetemeki, havipitilizi,
vinarusha nyuma ya bega,
kikapuni,
pasipo na kikapu,
nami nimekaa gizani
nahesabu kilo.